Rali ya Kwenye Skrini Haiulizi Uko Wapi

*Mbio za magari za mtandaoni zina malango mengi, na mengi yake yamefungwa kwa mtu aliyeko Kisimayu, kusini mwa Somalia. Makala haya yanatazama lango lililo wazi: rali, ambako dereva yuko peke yake barabarani na mpinzani wake ni saa.*

Juni 24, 2017, meli ya makontena iliukata mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, EASSy, karibu na pwani ya Mogadishu. Kwa zaidi ya wiki tatu, sehemu kubwa ya kusini na kati ya Somalia ilikosa intaneti ya kutegemewa. Aliyeweza kulipia setilaiti alilipia. Aliyeshindwa alingoja. Serikali ilikadiria hasara kuwa dola milioni 10 kwa siku.

Katika hesabu ile hakuna aliyewakumbuka wacheza gemu, na sidhani kuna mtu wa kulaumiwa kwa hilo. Nchi ilikuwa na mengine ya kuhesabu.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Mikongo imeongezeka, na Aprili 2025 Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, ilipewa leseni ya kufanya kazi Somalia. Kijana wa Kisimayu anayetaka kushindana kwa magari ya mtandaoni hana tena haja ya kuuliza kama mtandao upo. Anachotaka kujua ni mtandao huo utamweka wapi barabarani.

Mita saba na nusu

Chukua mbio za kawaida za uwanja, magari 20 yakizunguka kwa pamoja. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa hukata mita 50 kila sekunde. Taarifa ikichelewa milisekunde 150 kati ya kompyuta yako na seva, mpinzani unayemwona mbele yako ameshaondoka pale unapomwona. Yuko mita saba na nusu mbele zaidi.

Mchezo hujaribu kubahatisha pengo hilo. Ukibahatisha vibaya, gari la mwenzako linaruka kama lililopagawa, na wewe unagongwa na mtu ambaye kwenye skrini yako hajakufikia. Waamuzi wakirudia picha, mkosaji ni wewe.

Wachezaji huuita muda wa taarifa kwenda na kurudi pingi, na pingi haijali bidii ya mtu. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kisimayu hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000. Hata kama mkongo ungenyooka hivyo, kwenda na kurudi kungekula milisekunde 60 kabla mtambo wowote haujaongeza zake. Mkongo haunyooki. Unazunguka bara, unapita Bahari ya Shamu, unashuka nchi hii na kupanda ile. Johannesburg ni karibu zaidi, kama kilomita 3,300, na makampuni makubwa ya seva yalifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019 na 2020. Lakini mashindano yenye zawadi kubwa mara nyingi huendeshwa Ulaya, Marekani na Japani.

> Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, milisekunde 150 ni mita saba na nusu za barabara.

Rali haina ugonjwa huo. Kila dereva hukimbia kipande chake cha barabara akiwa peke yake, mshale wa saa ukihesabu, na mwisho nyakati hulinganishwa. Mtandao una kazi ya kupeleka namba tu. Michezo ya DiRT Rally 2.0 na EA Sports WRC ina vilabu ambamo mwenyeji hupanga mashindano, akachagua barabara, hali ya hewa na aina ya magari, kisha akaacha dirisha la siku kadhaa kila mtu akimbie wakati wake. Mmoja akimbie alfajiri Kisimayu, mwingine usiku wa manane Mombasa. Saa ni ile ile.

Mwaka Safari ilipohamia kwenye skrini

Afrika Mashariki ina sababu ya kuijua rali kuliko mbio za uwanja. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliishinda mara 3, Shekhar Mehta mara 5. Ilikuwa sehemu ya ubingwa wa dunia tangu 1973 hadi 2002, ikaondolewa, na kwa miaka mingi Wakenya wakaidai irudi.

Ilipangwa irudi Julai 2020. Korona ikaifuta.

Septemba 3 mwaka huo huo mchezo wa WRC 9 ulitoka madukani ukiwa na Safari ndani yake, pamoja na rali za Japani na New Zealand ambazo nazo zilifutwa. Kwa hiyo Safari ya dunia ya mwaka 2020 ilikimbizwa sebuleni tu. Mtu wa Poland aliijua mirindimo ya barabara za Kenya kabla ya madereva wa kweli kufika Naivasha Juni 2021.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuingia kwenye skrini. Mwaka 2000 Colin McRae Rally 2.0 ilikuwa na barabara za Kenya, na McRae mwenyewe aliishinda Safari mara 3: 1997, 1999 na 2002. Katikati ya miaka hiyo Richard Burns aliichukua 1998 na 2000. Jina la Burns nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo lililobeba mchezo unaomfaa kijana wa Kisimayu kuliko yote.

Gari huundwa kabla ya kuwashwa

Anayedhani mashindano haya ni ya vidole vyepesi tu hajawahi kukaa na mtu anayejiandaa. Kazi kubwa hufanyika gari likiwa limesimama.

Kwanza kuna gari lenyewe. Katika EA Sports WRC, uliotolewa mwishoni mwa 2023, mchezaji anaweza kuunda gari lake: chasisi, injini na inapokaa, giaboksi, hadi bodi na viti. Injini ikikaa nyuma, uzito huhamia nyuma, gari hukata kona kwa ukali na hukuadhibu kwa ukali huo huo ukiachia mafuta ghafla. Ikikaa mbele, gari ni la kutabirika lakini pua yake ni nzito. Vifaa bora vina bei ndani ya mchezo, kwa hiyo mtu huchagua: alipe giaboksi nzuri na kubaki na breki za kawaida, au kinyume chake.

Kisha huja kuliseti gari. Hapa ndipo Kenya inapotofautiana na Finland. Barabara ya Finland ni laini, ya kasi, na gari huruka na kutua. Shoki zinatakiwa ngumu ili lisitue kwa tumbo. Kenya ni mawe, makorongo, na lile vumbi jepesi la volkeno ambalo madereva huliita feshi-feshi, lenye kina cha kumeza nusu ya tairi. Gari huinuliwa juu, springi hulainishwa, na shoki huachiwa kurudi polepole kiasi, isije nyuma ikakurusha ukitoka shimoni. Difu ya nyuma ikifungwa sana, gari huenda vizuri mahali paliponyooka lakini hukataa kona ya vumbi. Gia zikifupishwa, unatoka konani kama mshale, halafu kwenye nyanda ndefu za Soysambu injini inapiga kelele bila kuongeza mwendo na wenzako wanakupita kwenye jedwali.

Kila unachokipata mahali fulani unakilipia mahali pengine. Mashua za mashindano kule Lamu hufuata kanuni hiyo hiyo: tanga kubwa ni mali upepo ukiwa nyuma na ni balaa upepo ukikaza ubavuni, na nahodha huamua kabla hajang'oa nanga atachukua watu wangapi wa kulalia ubao. Mbajuni, mtu wa visiwa vya kusini ya Kisimayu, aliyekulia chomboni haelezwi mara mbili maana ya kuseti.

Magari ya kweli ya Safari yalikuwa hivyo tangu zamani. Katika miaka ya 1990 timu zililetea Kenya magari tofauti kabisa na ya Ulaya: chasisi iliyokazwa, vyuma vya mbele vya kuzuia ng'ombe na pundamilia, na bomba la hewa lililopandishwa hadi juu ya paa ili injini isinywe maji mtoni. Bomba hilo limeonekana tena Naivasha miaka ya karibuni.

> Kila unachokipata mahali fulani unakilipia mahali pengine.

Baada ya kuunda na kuseti kuna mkakati, na mkakati wa rali una sura ya ubahili. Tairi ngumu huvumilia mawe lakini huteleza mvua ikinyesha. Tairi ya akiba ni uzito unaoubeba kila kona ukiomba usiuhitaji. Kituo cha matengenezo hukupa dakika chache, na kila kifaa kina dakika zake: ukitengeneza shoki zote nne, huenda rejeta ikabaki inavuja. Mchezaji mzuri huwa ameshaamua tangu asubuhi ni vipande vipi atavikimbiza na vipi ataviomba vipite salama.

Anayetaka kuona gharama ya hesabu hiyo atazame Safari ya 2021. Thierry Neuville wa Hyundai aliamka siku ya mwisho, Jumapili, akiongoza kwa karibu dakika moja. Kwenye kipande cha kwanza cha asubuhi, Loldia, shoki ya nyuma ilikufa. Rali yake ikaishia hapo. Sébastien Ogier, ambaye awali alionekana ameachwa mbali, ndiye aliyepanda jukwaa la juu, Takamoto Katsuta akiwa wa pili.

Gari moja kwa wote, au kila mtu na lake?

Waandaaji wa mashindano ya mtandaoni wamegawanyika hapa, na ubishi wenyewe ni wa zamani kuliko kompyuta.

Upande mmoja unataka kila mtu apewe gari lile lile, limesetiwa vilevile. Gran Turismo, mchezo ulioanza mwaka 2018 kuendesha ubingwa kwa kushirikiana na shirikisho la magari duniani FIA, umechukua njia ya kati. Magari hubaki tofauti, lakini mwenye mchezo hupunguza nguvu hapa na kuongeza uzito pale mpaka yakaribiane, na katika mbio nyingi za ubingwa mchezaji haruhusiwi kugusa seti. Hoja yao ina nguvu. Kijana mwenye saa mbili kwa siku hawezi kushindana na timu ya Ulaya yenye mtu ambaye kazi yake ni kuchambua takwimu za shoki tu. Mpe gari lililofungwa, na kitakachobaki ni mikono.

Upande wa pili unasema kulifunga gari ni kuufunga ubongo. Fundi asiye na mikono myepesi naye ana nafasi yake. Kuna wachezaji wanaoshinda kwa sababu walikaa usiku mzima wakibadili kitu kimoja, wakakimbia, wakaandika, wakabadili kingine. Ukiwanyang'anya hicho umewaachia ubingwa wale waliozaliwa na kasi.

Mimi naegemea upande wa pili, ila kwa sharti moja: gari liwe moja, seti iwe huru, na kila seti iliyotumika itangazwe kipande kikishakwisha. Seti ikifichwa huwa biashara, na kuna watu wanaoziuza. Ikitangazwa, mgeni hujifunza kwa mshindi ndani ya wiki ile ile. Kwa mji usio na timu wala wadhamini, huo ndio ufundi unaoweza kuenea bure.

Mlango wa usajili

Kuna kizuizi ambacho pingi haihusiki nacho. PlayStation ina orodha ya nchi zinazotambuliwa na huduma yake ya mtandao. Kusini mwa Sahara, Afrika Kusini imo. Somalia, Kenya na Tanzania hazimo. Wachezaji wa kwetu hujisajili kwa nchi ya watu, wakanunua kadi za malipo za nchi hiyo, na maisha yakaendelea. Lakini siku ya mashindano rasmi, fomu huuliza makazi, na uongo mdogo wa usajili hugeuka kosa la kukuondoa.

Dunia ilikumbushwa jambo hili Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti za PlayStation. Wachezaji wa nchi zaidi ya mia zisizo kwenye orodha waligundua wamenunua mchezo ambao wangefungiwa nje. Kelele zikawa kubwa na agizo likafutwa ndani ya siku chache. Orodha yenyewe haikuguswa.

Na hata aliyeingia ndani hana uhakika. Machi 2022, Gran Turismo 7 haukuchezeka kwa zaidi ya saa 30 dunia nzima kwa sababu seva zilikuwa kwenye matengenezo. Mchezo hukataa karibu kila kitu usipouunganisha. Aprili 2025, Codemasters walioutengeneza EA Sports WRC walitangaza kwamba hautaendelezwa tena. Anayejenga mashindano ya mji wake juu ya mchezo wa kampuni anajenga kwenye kiwanja cha kukodi.

Ndiyo maana nikasema nitarudi kwa Burns. Richard Burns Rally ulitoka mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya Burns, bingwa wa dunia wa 2001, kufariki kwa uvimbe wa ubongo. Kampuni iliyoutengeneza, Warthog, haipo tena. Mashabiki waliuchukua wakaulea: wameongeza magari, barabara na mashindano ya mtandaoni yanayoendeshwa kila wiki, na hadi leo wengi wanaojua rali husema hakuna mchezo unaoiga gari kwenye changarawe kama huu. Kwa kuwa ulizaliwa na kompyuta za 2004, hauhitaji mashine ya bei ya pikipiki.

> Anayejenga mashindano ya mji wake juu ya mchezo wa kampuni anajenga kwenye kiwanja cha kukodi.

Una faida nyingine ambayo kwetu sijaona ikitumiwa. Sauti ya mwelekezi, yule anayemsomea dereva kona, inaweza kubadilishwa. Wachezaji wa mataifa mbalimbali wamerekodi za lugha zao. Hakuna kinachozuia Kiswahili, wala Kibajuni. "Kushoto nne, kilima, usikate, jiwe ndani": dereva anayesikia hayo kwa lugha aliyonyonya haiwazi kona mara mbili.

Watu wa miji mingi

Visiwa vya Bajuni vimejipanga kusini ya Kisimayu, Koyama, Ngumi, Chovae, Chula na vingine, hadi kuelekea Ras Kiamboni mpakani. Ni visiwa vya wavuvi, na haifai kujidanganya kwamba kesho kutakuwa na usukani wa kompyuta kila nyumba. Mashindano yakianza yataanzia mjini.

Lakini Wabajuni hawapo visiwani peke yake. Vita vya 1991 viliwasukuma maelfu kwa mashua hadi Kenya, wengine wakaishia Uingereza na kwingineko Ulaya. Leo ukoo mmoja una watu Kisimayu, Mombasa na London. Mbio za uwanja zingewanyima haki wa Kisimayu kwa kuwa seva iko karibu na binamu wa London. Rali ya dirisha la wiki huwaweka wote kwenye jedwali moja, na anayechelewa kupata umeme leo hukimbia kesho.

Na si mchezo mtupu. Jon Armstrong wa Ireland Kaskazini alitwaa ubingwa wa dunia wa rali ya mtandaoni mwaka 2018, akafanya kazi Codemasters ya kubuni michezo, huku akiendelea na rali za kweli. FIA ilipoanzisha mpango wake wa kusaka vijana, Rally Star, moja ya njia za kuingilia ilikuwa changamoto ndani ya WRC 9. Kutoka Afrika alichaguliwa Max Smart wa Afrika Kusini. Kenya ilikuwa na vijana wake kwenye ubingwa wa dunia wa chipukizi mwaka 2022, akiwemo McRae Kimathi, aliyepewa na babake, dereva wa rali Phineas Kimathi, jina la bingwa yule wa Scotland, Colin McRae.

Wako watakaosema Kisimayu ina shida kubwa zaidi, na wana haki ya kusema. Mzazi anayemwona mwanawe mbele ya skrini saa nne mfululizo hahitaji kuelezwa habari za difu. Kwa mzazi huyo jibu langu ni kanuni: dirisha la mashindano liwe na idadi ya majaribio yenye kikomo, mawili au matatu kwa kila kipande. Hilo humlazimisha kijana apange kabla ya kukimbia, na humrudisha kwenye meza ya chakula.

Kilichobaki ni kalenda. Safari ya kweli siku hizi hukimbizwa Machi, na kuifuata kungependeza, ila Ramadhani kwa sasa inaangukia karibu na hapo. Ningechagua kusi. Juni hadi Agosti bahari ya kusini mwa Somalia huchafuka, vyombo vidogo hukaa nchi kavu kwa wiki nyingi, na vijana wa pwani wana mchana mrefu usio na kazi. Vipande 12, wiki 6, gari moja linalosukumwa na magurudumu mawili tu ili wanaoanza wasishindwe siku ya kwanza, na seti zote zitangazwe kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri.